Punje Zenye Kiu

Hyasinta alishuka kwenye lori la samaki pale Musoma mjini akiwa amepakata kitu kilichoviringwa khanga, na kila aliyemwona alimpisha akidhani amebeba mtoto mgonjwa. Hakuwa mtoto. Ilikuwa hadubini ya zahanati ya Bukima, alikofanya kazi ya kupima damu, hadubini pekee kwa vijiji vyote vya upande ule wa rasi, nayo ilikuwa imepofuka.

Aliipandisha mpaka shule ya sekondari iliyokuwa kilimani, kwenye majabali, akamkabidhi Mwalimu Burito aliyefundisha kemia. Ulikuwa mwaka 1983, masika ndiyo kwanza yameanza. Mwalimu aliifungua lenzi, akaielekeza dirishani, akaguna.

"Ukungu huu. Umeota ndani ya kioo, angalia, kama utando wa buibui."

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?" Hyasinta aliuliza. "Nikiweka damu ya mgonjwa naona mawingu matupu. Mganga anagawa klorokwini kwa kubahatisha, na yenyewe ndiyo hiyo inaisha."

"Nitaisafisha kwa spiriti. Lakini unyevu wa ziwa ukiingia tena, ukungu nao utarudi. Ukirudi mara mbili tatu utakuwa umeshaitafuna lenzi. Na lenzi nyingine tutaipata wapi mwaka huu? Hata chaki hatuna."

Kwenye kona ya maabara alikuwepo mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mikono yake imezama kwenye karai la maji ya majivu, maana sabuni ilikuwa imeadimika nchi nzima. Huyo ndiye Lukresia Wanzagi, mhudumu wa maabara, aliyeitwa na wanafunzi Mama Maabara. Alizaliwa kijiji cha jirani na Butiama, kwa mkulima Mkatoliki aliyewasomesha binti zake mpaka darasa la nne akaona inatosha. Aliolewa na Clementi, fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba, wakazaa watoto wanne, wa kwanza Euphrasia. Kazi yake shuleni ilikuwa kuosha vioo na kupanga chupa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesikiliza masomo ya kemia akiwa ameligeuzia darasa mgongo, na mgongo ule ulikuwa umesikia mengi kuliko masikio ya waliokaa mbele.

Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akasogea.

"Samahani, Mwalimu. Ile mizani yetu mbona haikuota ukungu?"

Mizani aliyoitaja ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, msaada kutoka ng'ambo, imefika miaka minne nyuma. Ilikuja na kifuko cha kitambaa chenye punje ngumu za bluu, kama changarawe za kioo. Mvua za kwanza zilipopiga, punje zile ziligeuka rangi ya waridi. Mwalimu Burito alitazama, akamwambia Lukresia azitupe, zimekufa.

Lukresia hakuzitupa. Aliziweka kwenye tanuri dogo la kukaushia vioo, na zilipotoka zilikuwa za bluu tena. Akazirudisha kwenye mizani. Tangu hapo, kila zilipogeuka waridi alizipeleka motoni, na kila zilipotoka motoni zilikuwa hai.

"Umekuwa ukifanya hivyo miaka yote minne?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikuwaga nafikiri unajua."

Mwalimu Burito alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akakaa juu ya stuli, akaanza kueleza kama anayejifundisha mwenyewe. Punje zile, alisema, zimetengenezwa kwa maji ya silikati na asidi. Vikikutana, vinazaliwa vichembe vidogo visivyoonekana, vinaelea majini. Vichembe vinaanza kushikana mikono. Kimoja kinamshika huyu, huyu anamshika yule, mpaka wanafanya wavu, na maji yote yananaswa ndani kama dagaa. Kitu kizima kinaganda, kinatikisika kama mtindi. Ukiosha, ukikausha polepole, maji yanatoka lakini matundu ya wavu yanabaki.

"Matundu hayo yana kiu," Mwalimu alisema. "Yanafyonza unyevu wa hewani. Na hiyo rangi ni kobalti. Ikiwa kavu ni bluu, ikinywa maji ni waridi. Ndiyo inayokuambia kiu imekwisha."

"Basi tuzitengeneze za hadubini."

"Mama Euphrasia, vitu hivi vinaagizwa Ulaya."

"Ulaya wanatumia asidi. Tunayo chupa moja kabatini. Kobalti ipo kwenye kile kichupa ambacho Kidato cha Nne hawakukimaliza. Silikati anayo Kasmiri, Bunda. Anakazia nayo sabuni."

Mwalimu alimtazama, akamtazama Hyasinta, akavaa miwani yake.

"Andika barua ya ruhusa," alisema Lukresia. "Mimi nitaenda."

Kasmiri alikuwa mchemsha sabuni wa Kabasa, pale Bunda mjini. Katika miaka ile ya njaa ya sabuni alikuwa mtu mkubwa kuliko diwani. Alichemsha mafuta ya mbegu za pamba kwenye pipa lililokatwa, na ili sabuni isiyeyuke upesi alitia maji mazito, angavu, yanayomiminika kama asali. Hiyo ndiyo silikati. Alimsikiliza Lukresia, akakubali kumpa dumu la lita tano, kwa sharti moja: aelezwe kwa nini sabuni zake zikipigwa na siki hutoa mabonge. Lukresia akamweleza palepale habari ya wavu na dagaa. Kasmiri akapiga paja. "Dada, nimechemsha miaka sita sijui ninachochemsha!"

Kurudi, alipata nafasi juu ya lori la pamba. Serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikuwa wakitupa magunia ya sukari ziwani wasikamatwe nayo, na kila barabara ilikuwa na kizuizi. Karibu na njia panda ya kwenda Butiama, lori lilisimamishwa. Mgambo alipanda, akapekua, akalikuta dumu chini ya miguu ya Lukresia. Akalifungua, akatumbukiza kidole.

"Mafuta ya kula haya! Ya magendo! Shuka, mama."

"Si mafuta, afande. Ni dawa ya maabara."

"Yanateleza. Yanang'aa. Unaniona mtoto?"

Lukresia alitoa barua ya Mwalimu. Mgambo aliigeuza juu chini. Haikuwa na muhuri, kwa kuwa wino wa muhuri nao ulikuwa umekwisha shuleni. Mkubwa wake akaitwa, mtu mzima mwenye kofia ya nailoni, akasema neno moja: "Kituoni." Abiria wakainamisha nyuso. Kila mmoja alijua kwamba aliyeingia kituoni na dumu la mafuta mwezi ule hatoki kesho wala keshokutwa.

Baadaye Lukresia alikiri kwamba alimfikiria Clementi nyumbani na watoto wanne, akataka kulia. Lakini macho yake yaliangukia kikapu cha mama mmoja abiria, kimejaa ndimu.

"Afande," alisema, "mafuta ukiyakamulia ndimu yanakuwaje?"

"Yanakuwa mafuta yenye ndimu."

"Haya. Nipe kikombe na maji kidogo."

Alimimina silikati kidogo kikombeni, akaongeza maji, akakoroga kwa kijiti. Akakata ndimu mbili, akakamua taratibu. Watu walisogea. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea, na mgambo akaanza kutabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda. Kisha kijiti kikawa kizito mkononi mwa Lukresia. Akakiachia. Kilisimama chenyewe. Akakigeuza kikombe juu chini, mbele ya uso wa mkubwa, na hakikudondoka kitu.

"Yesu na Maria," alisema mwenye ndimu.

Mkubwa alikichukua kikombe, akakitikisa, akakipiga kwa kidole. "Na hii kazi yake nini?"

"Ya kulinda hadubini ya zahanati ya Bukima, ili wapime damu."

Mkubwa alimrudishia kikombe. "Mke wangu kwao Bukima," alisema mwishowe. "Panda gari, mama. Na wewe," akamgeukia mgambo, "lipa hizo ndimu."

Kuganda kulikuwa rahisi. Kupata punje ndiko kulikomtoa jasho. Mara ya kwanza Lukresia alimimina asidi kwa pupa, akapata mapande meupe kama maziwa yaliyokatika. Mara ya pili iliganda vizuri, lakini aliikausha juu ya jiko la mkaa nyumbani ikawa unga. Clementi, aliyekuwa akingoja ugali, alitazama sufuria akatikisa kichwa.

"Mama Euphrasia, utatulisha vioo."

"Kwenye sufuria hii hutakula tena, Baba Euphrasia. Nimeshaipa kazi nyingine."

Mara ya tatu zilitoka punje, angavu na ngumu, lakini baada ya siku mbili zilifunikwa na chumvi nyeupe. Mwalimu Burito alisema hazikuoshwa vya kutosha. Lukresia akatengeneza nyingine, akaziosha kwa maji ya mvua asubuhi na jioni. Alijuaje kwamba zimetakata? Alikuwa ameandaa majaribio ya Kidato cha Nne mara nyingi kuliko alivyosali rozari: alichukua matone ya maji ya kuoshea, akadondosha kloridi ya bari, dawa inayofichua chumvi iliyobaki. Yakifanya wingu jeupe, bado. Wingu lilikataa kuondoka siku nane. Siku ya tisa tone lilianguka, maji yakabaki maji. Akaita, "Mwalimu!" kwa sauti iliyowafanya Kidato cha Pili wa chumba cha pili wasimame.

Akazikausha kivulini siku tano, akazilowesha kwenye kobalti, akazipasha moto pole kwenye tanuri. Zilitoka bluu, bluu ya wino, nyingine kubwa nyingine ndogo, hakuna zilizofanana. Akashona kifuko kutoka kwenye pindo la khanga yake. Clementi mwenyewe, aliyekuwa akinung'unika habari za sufuria, alitengeneza sanduku la mbao linalofunga barabara, akaziba viungo vyake kwa nta.

Hyasinta alirudi na hadubini Bukima. Lakini mwezi haukuisha akaja na swali.

"Dada Lukresia, nitajuaje zimegeuka waridi bila kufungua sanduku? Nikifungua naingiza unyevu. Nisipofungua sijui."

Swali hilo lilimkaa Lukresia wiki tatu. Jibu lake ndilo ambalo Mwalimu Burito alilisimulia mpaka alipostaafu. Lukresia alichukua kipande cha kioo cha hadubini, kile cha kupakia damu, akakichovya kwenye yale maji kabla hayajaganda, akakitoa. Utando ulibaki juu ya kioo. Lakini ulipokauka ulipasuka, ukabanduka kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Akachovya tena, mzito zaidi ili ushike. Ukabanduka zaidi. Mtu mwingine angeuzidishia. Yeye akaupunguza. Aliyazimua maji mara nne, akachovya, akakivuta kioo juu polepole kama anayetoa uzi kwenye sindano, akangoja ugande, akasuuza, akakausha, kisha tena, kisha tena, mara saba. Utando mwembamba haukupasuka. Mwisho akaupa kobalti.

Clementi alitoboa dirisha dogo kwenye sanduku, akakibandika kioo kile kwa ndani. Sasa Hyasinta alikuwa na jicho. Bluu, lala usingizi. Waridi, peleka kifuko jikoni.

Mvua za vuli zilifika. Zahanati nyingi za kando ya ziwa zilikuwa zimefunga meza za kupimia. Bukima iliendelea kupima. Siku moja aliletwa kwa baiskeli mwanamke kutoka Bugwema aitwaye Marieta, mjamzito, homa inampanda na kushuka kwa siku kumi. Alikuwa ameshapewa klorokwini mara mbili. Hyasinta aliiweka damu yake chini ya lenzi safi, akatazama muda mrefu. Malaria haikuwemo. Katikati ya chembe za damu vilikuwepo vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama nyuzi.

"Homa ya papasi," alimwambia mganga. Sindano ilikuwepo, penisilini mbili za mwisho. Marieta alipona, na mtoto akazaliwa mzima.

Aliposikia habari hiyo, Lukresia alikuwa akiosha vioo. Aliendelea kuosha kioo kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Miaka ikageuka. Tangu katikati ya themanini maduka yakaanza kujaa: sukari, redio, sabuni za kila rangi zenye harufu ya maua. Ndani ya maboksi ya redio mlikuwa na vifuko vidogo vya karatasi vyenye punje zilezile, na wenye maduka ya Musoma walikuwa wakivitupa mtaroni. Lukresia aliviokota, akavikausha, akavipeleka kwenye zahanati. Hakuona haya kuinama mtaroni. Alisema tu, "Watu wanatupa kitu chenye kiu wanabaki na nguo zenye ukungu." Mwaka 1993 kazi za serikali zikapunguzwa, na mhudumu wa maabara hakuonekana kuwa mtu wa lazima. Alipewa barua, akapewa mkono, akaondoka na sufuria yake.

Mwaka uliofuata alikuja kumtembelea Nathanieli, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ile, sasa akisomea shahada ya pili ya kemia Dar es Salaam. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akala sato na ugali, akasema, "Mama, ile kazi yako ina jina. Wanaita sol-jeli. Huko duniani wanapaka kwenye vioo visitoe mng'ao, wanapaka kwenye vyuma visile kutu, wanatia humo rangi zinazonusa gesi na sumu. Watu wanaandikaga vitabu vizima."

"Na wao," Lukresia aliuliza, "utando ukiwa mnene unawapasukia?"

Nathanieli aliacha kutafuna. "Unawapasukia. Ndiyo shida yao kubwa. Wanachovya mwembamba, mara nyingi."

"Wanavuta polepole?"

"Wana mashine ya kuvutia polepole."

Lukresia alicheka kicheko cha msichana. Clementi, aliyekuwa mlangoni, alisema, "Mashine yetu ndiyo hiyo imekaa hapo inakucheka." Nathanieli aliporudi chuoni alimtumia Lukresia kwa basi kichupa cha kobalti, kimefungwa ndani ya soksi.

Kichupa hicho kilikwenda Bugwema. Marieta, yule wa homa ya papasi, alikuwa sasa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliolima karanga na mtama, na kilio chao kilikuwa mbegu. Walihifadhi kwenye mitungi na madebe, unyevu ukaingia, wakati wa kupanda, nusu haioti. Lukresia alihamia kwao miezi mitatu. Aliwafundisha kukausha mbegu, kufunga madebe, kutundika kifuko ndani na jicho la kioo kwenye mfuniko. Alikuwa mkali kwenye jambo moja. "Bluu hii ni sumu. Ni ya mbegu ya kupanda, siyo ya chakula. Nikikuta kifuko kwenye debe la unga, mimi na wewe basi." Msimu ule karanga zao ziliota mstari mzima bila pengo, na watu wa vijiji vya jirani wakaja kukodolea macho shamba.

Shida ikawa silikati. Kasmiri alikuwa ameshafunga pipa lake. Sabuni za viwandani zilimshinda, naye akaingia kwenye biashara ya mitumba. Lukresia hakulaumu mtu. Alikumbuka Mwalimu Burito aliwahi kusema kwamba majivu ya pumba za mpunga yana silika, chanzo cha silikati, iliyo rahisi kuyeyuka kuliko ya mchanga. Pumba zilikuwa milima nyuma ya mashine za kukoboa Bunda, zinachomwa bure. Wakaleta magunia, wakachoma mpaka majivu yakawa meupe, wakachemsha na kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni, wakachuja. Waliyopata yalikuwa ya rangi ya chai, na jeli yake ilikuwa na ukungu wa kijivu. Ilifanya kazi, lakini Lukresia hakuipenda. Alijaribu msimu mzima, haikutakata.

Asubuhi moja mwezi wa saba mwaka 1996, Marieta alimwita uani kwake. Kwenye bakuli la udongo palikuwa na kitu alichofikiri kwanza ni maji. Akaliinamisha bakuli, hakikumwagika. Jeli ilikuwa angavu mpaka michoro ya chini ya bakuli ilionekana yote.

Lukresia aliinama, akaitazama kutoka upande wa jua, akaigusa kwa ncha ya kidole. Katika miaka yake kumi na mitatu hakuwahi kupata kama ile.

"Umefanyaje?"

"Niliosha majivu kwa ndimu kwanza, kabla ya kuchemsha," Marieta alijibu kwa woga, kama aliyekosea. "Nikaona maji yanatoka machafu, nikasema hayo machafu si ndiyo yanatuharibia? Halafu nikachuja kwa khanga mbili. Ulikuwa hujaniambia, shangazi. Nimejifanyia tu."

Lukresia alivuta kigoda, akakaa, akatoa kalamu aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele.

"Rudia pole pole," alisema. "Ndimu ngapi kwa sahani moja ya majivu?"